Maswali ya Wasomaji: Kamera ya Kukunja na Stendi Yake

Mwezi uliopita niliandika hapa namna ya kutafuta, kwa tochi katika chumba chenye giza, vitobo vya mvukuto wa kamera ya kukunja, yaani ule mfuko wa kukunjika ulio kati ya lenzi na kasha la filamu. Nilitarajia barua za mvukuto. Zilizokuja, karibu zote, zinauliza jambo jingine: kamera imefufuka, filamu inapita, lakini juu ya stendi, ile ya miguu mitatu, haitulii. Nimefurahi sana. Anayeuliza habari za stendi ana nia ya kupiga picha, hataki kamera ya kupamba kabati pamoja na vikombe vya wageni.

Kwa msomaji mgeni: kazi hii ya kutengeneza kamera za zamani naifanyia Jinja, kwenye meza aliyoitumia baba yangu kabla yangu. Baba alikuwa msaidizi katika studio ya mzee mmoja wa Kihindi. Mwaka 1972, Wahindi walipopewa siku 90 kuondoka Uganda, yule mzee alimwachia baba kamera moja ya kukunja, Voigtländer Bessa ya picha za sentimita 6×9, pamoja na stendi yake ya mbao. Vyote viwili ninavyo, na vyote viwili vinafanya kazi. Mengi nitakayoyasema leo nimeyajua kwa kuishi na vitu hivyo.

Mama, salaam. Babu yangu marehemu aliniachia Zeiss Ikon Nettar ya kabla ya vita. Nimenunua stendi mpya Kampala, lakini skrubu yake inaingia kwenye tundu la kamera bila kushika, inacheza tu. Fundi mmoja hapa mjini ananiambia nyuzi zimeisha, nimwachie achomee nati mpya. Nimkubalie? – Msomaji, Mbale

Usimkubalie, mwanangu, na hiyo kamera ikae mbali kabisa na moto. Joto la kuchomea litafika kwenye mvukuto na kwenye gundi ya ngozi kabla nati haijashika. Nyuzi za Nettar yako hazijaisha. Tundu na skrubu havikuzaliwa kuoana, basi.

Skrubu za stendi ziko za saizi mbili. Ndogo ni ya robo inchi, yaani milimita 6.35, yenye nyuzi 20 katika kila inchi. Kubwa ni ya inchi tatu kwa nane, milimita 9.5 hivi, nyuzi 16 katika inchi. Kamera nyingi za Ujerumani za kabla ya Vita Kuu ya Pili zilitobolewa kwa saizi kubwa. Waingereza na Wamarekani walipenda ndogo, na baadaye ndogo ndiyo iliyoenea kila mahali. Stendi yako mpya ina skrubu ndogo. Ndani ya tundu la babu inabaki nafasi ya milimita tatu, sasa ishike nini?

Hakikisha kabla ya kutoa pesa. Chukua penseli ya mviringo, ile ya kawaida, uijaribu kwa upande wa kitako. Tundu kubwa litaipokea, tundu dogo litaikataa. Ikiingia, dawa yake ni bushi ya kupunguzia: pete ndogo ya shaba au ya chuma yenye nyuzi kubwa nje na nyuzi ndogo ndani, na juu yake imechanjwa mfuo wa kuingiza bisibisi pana. Usihangaike kutafuta duka la kamera za zamani. Waulize wanaouza vifaa vya video za harusi, au wanaouza stendi za maikrofoni za misikitini na makanisani. Waambie unataka bushi ya tatu kwa nane kwenda robo. Wanazitumia kila siku.

Ziko za aina mbili, na hapa ndipo watu wanapokosea. Moja ina ukingo kama kofia, nyingine haina. Chukua isiyo na ukingo. Yenye ukingo inabaki imechomoza, kwa hiyo kamera inasimama juu ya kile kipete peke yake kama mtu aliyesimama kwa mguu mmoja. Unataka bushi izame kidogo tu chini ya uso wa kamera, ili kitako chote cha kamera kilalie bamba la stendi.

Kabla ya kuitia, safisha tundu. Miaka yote hiyo limekula vumbi letu jekundu likachanganyika na grisi likawa kama saruji. Mswaki mkuukuu, kijiti cha meno na tone la spiriti vinatosha. Halafu weka bushi mdomoni mwa tundu na uizungushe kwanza kinyumenyume, polepole, kwa vidole. Utasikia inadondoka kidogo, tik. Hapo uzi wa bushi umeangukia mwanzo wa uzi wa tundu. Sasa geuza, uzungushe kwenda mbele. Ikigoma, usiikaze kwa nguvu: rudi nyuma utafute tik nyingine. Tundu lile ni la madini laini yenye umri wa miaka 80 au zaidi, na bushi ya chuma italikata kama muwa.

Jambo la mwisho ni rangi ya kucha. Paka tone moja kwenye nyuzi za nje za bushi kabla haijaingia mpaka mwisho, uache ikauke usiku mzima. Bila hiyo, siku utakayoifungua kamera kutoka kwenye stendi, bushi itatoka pamoja na skrubu, na utajikuta porini na koleo mkononi. Usitumie ile gundi ya kukauka papo hapo. Rangi ya kucha atakayekuja baada yako ataweza kuibandua.

Fundi, stendi yangu ilipoteza skrubu. Nikanunua bolti namba 6 dukani kwa vifaa vya ujenzi, nikaikaza kwa spana mpaka ikashika barabara. Tangu siku hiyo kila picha ina mstari mweupe upande wa chini. Kamera ni Agfa Isolette. – Msomaji, Arua

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, maana kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe, tena kwa kamera ya mteja. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, baba amesafiri. Nikaifunga Isolette ya mwalimu mmoja kwenye stendi ya kujaribia, nikaona inacheza, nikaongeza nusu mzunguko. Nikasikia mlio mdogo kama wa kifuniko cha soda. Skrubu ilikuwa imegusa ukuta wa chumba cha filamu, ikausukuma ndani. Nililipa kwa mshahara wa miezi miwili, lakini kilichoniuma zaidi ni uso wa yule mwalimu.

Kwako yametokea mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni bolti. Namba 6 ni ya milimita 6 na uzi wake unapanda milimita 1 kwa kila mzunguko. Robo inchi inapanda milimita 1.27. Mzunguko wa kwanza huoni kitu, lakini ukifika wa nne nyuzi zimepishana kwa zaidi ya milimita nzima, na kutoka hapo bolti haiingii, inakata. Ule ugumu uliouhisi kwenye spana ukadhani imeshika ulikuwa ni bolti inakwangua tundu. Dukani ukienda tena sema robo inchi, na uende na nati ya robo inchi mfukoni ya kujaribia. Hata ikiwa ni ya mtindo wa zamani wa Kiingereza, nyuzi ni zilezile 20 kwa inchi na kwa kazi ya stendi itakaa vizuri.

La pili ni urefu. Tundu la kamera ya kukunja ni kikombe kifupi sana. Pima kila tundu peke yake: ingiza kijiti cha kiberiti mpaka kiguse mwisho, weka alama kwa ukucha usawa wa mdomo, kitoe ukipime kwenye rula. Skrubu inayochomoza juu ya bamba la stendi iwe fupi kuliko alama hiyo kwa milimita moja. Ikizidi, usiikate kwa haraka. Weka washa za ngozi kati ya bamba na kamera mpaka ibaki sawa. Ngozi ya kiatu kikuukuu ni nzuri kuliko mpira, kwa sababu mpira unanepa na kamera inaendelea kuyumba baada ya kuiachia.

Sasa tiba. Fungua mgongo wa kamera usiku, zima taa, mulika tochi kwenye tundu kutoka nje huku ukichungulia ndani. Ukiona nyota, ndiyo njia ya mstari wako mweupe. Kabla ya kuziba, nyuzi zisafishwe kwa kikata nyuzi cha robo inchi, kwa mkono, robo mzunguko mbele na kurudi, huku ndani ya chumba cha filamu umejaza kitambaa cha kudaka vumbi la chuma. Chembe moja ikibaki itakwaruza filamu yako kutoka picha ya kwanza hadi ya 12. Kisha ukuta uliobonyea urudishwe taratibu kwa kipande cha mti laini, na kitobo kizibwe kwa kibati chembamba cha shaba kilichopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, kwa gundi ile ya kuchanganya mirija miwili. Kama mkono wako haujazoea kazi hii, mpelekee fundi saa. Fundi saa anajua kushika kitu bila kukibana, na fundi wa pikipiki, pamoja na heshima zangu zote kwake, amezoea vitu vingine.

Mama, mimi naongoza wageni kwenye maporomoko ya Sipi. Kamera yangu ya 6×9 ina matundu mawili ya stendi, moja kwenye kasha na jingine mlangoni. Picha za kulala natumia la kwenye kasha, za kusimama natumia la mlangoni. Napiga kwa sekunde moja au mbili ili maji yawe kama moshi. Za kulala zinatoka safi, za kusimama zote zimetikisika. Stendi ni ileile. – Msomaji, Kapchorwa

Kaka, umejijibu nusu. Stendi ni ileile, mkono ni uleule, maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni tundu.

Fanya jaribio hili leo ukiwa nyumbani. Funga kamera kwa tundu la mlangoni, imefunguliwa, kisha gusa kichwa cha kasha kwa ncha ya kidole. Utaiona inaitikia. Mlango ni bati lililoshikwa na pini nyembamba ya bawaba na mikono miwili ya kukunja, na nyuma ya bati hilo umening'iniza kasha zima lenye filamu. Kila upepo wa maporomoko yale unalisukuma kasha, na bawaba inacheza. Kuna ubaya zaidi ya mtikisiko. Lenzi imeshikwa na mlango, filamu imeshikwa na kasha. Mlango ukipinda hata unene wa ukucha, lenzi na filamu hazitazamani tena sawasawa. Zichunguze picha zako kwa kioo cha kukuzia: nadhani upande mmoja umekufa zaidi ya mwingine.

Kwa nini basi walitoboa huko? Kwa sababu kamera ya 6×9 ikisimama wima mlango ndio unaokuwa chini, na upande wa chini wa kasha umebanwa na spuli ya filamu. Hawakuwa na mahali pengine. Kwa picha ya jua kali ya sehemu ya 100 ya sekunde tundu la mlangoni linakufaa. Kwa sekunde moja mbele ya Sipi lisahau.

Kamera ishikwe kwenye kasha, wima au kulala. Una njia mbili.

Ya kwanza haina gharama. Funga kwa tundu la kasha, kisha laza kichwa cha stendi ubavuni ili kamera isimame. Hapa kuna siri ambayo baba alinionyesha kwa vidole vyangu mwenyewe: ukiwa umesimama nyuma ya kamera, ilaze upande wako wa kulia. Kamera iliyofunguliwa ina uzito mbele, lenzi inataka kuinama. Ukiilaza kulia, kuinama huko kunaizungusha kamera upande wa kukaza skrubu. Ukiilaza kushoto, uzito uleule unaizungusha upande wa kulegeza, na sekunde mbili zako zinakwisha lenzi ikiwa imeshuka kidogo bila wewe kuona. Vichwa vingi vya stendi za bei nafuu vinalala kushoto tu. Kama chako ni cha gololi chenye mkato mmoja, zungusha kichwa chote mpaka mkato uwe kulia. Na mguu mmoja wa stendi uelekeze kulia vilevile, chini ya uzito, la sivyo kamera, stendi na wewe mtashuka pamoja hadi chini ya maporomoko, na yale makubwa yanaanguka karibu mita 100.

Njia ya pili ndiyo niipendayo, ila inataka fundi. Nunua kipande cha pembe ya alumini, unene wa milimita 4 au 5, urefu wa kila upande kama wa kasha lako. Chora kwanza kwenye karatasi ngumu: weka kamera juu yake ikiwa wazi, zungushia penseli, fungua na ufunge mlango uone unapita wapi. Mlango usiguse chuma popote. Katwe, kule Kampala, wako mafundi watakaokutobolea hilo mchana mmoja ukienda na mchoro. Upande mmoja wa pembe unashika tundu la kasha kwa skrubu fupi, upande mwingine unakaa juu ya stendi. Kamera inasimama wima katikati ya miguu mitatu, haining'inii pembeni, na uzito wote unashuka kwenye nguzo. Ndani ya pembe bandika ngozi au karatasi ya kizibo, ile wanayokatia gasketi za injini.

Kuna mawili mengine, kwa kuwa umesema sekunde mbili. Usifyatue kwa kidole. Bessa ya baba kifyatulio chake kiko mlangoni kabisa, ukikibonyeza unausukuma mlango wenyewe. Tumia waya wa kufyatulia, wa sentimita 30 au zaidi, na uuache ulegee kama upinde. Ukiwa umenyooka unapeleka tetemeko la mkono wako moja kwa moja kwenye shata, kile kipazia kinachofungua na kufunga njia ya mwanga. Na fungua kamera kwanza, ndipo uzungushe filamu kwenye namba inayofuata. Mvukuto ukifunguka unavuta hewa, na hewa inaivuta filamu itune kuelekea mbele. Ukizungusha baada ya kufungua, filamu inanyooka tena. Wengi wanalaumu lenzi kwa kosa hili.

Kamera yangu ni Retina IIc. Nikiifunga kwenye stendi siwezi kuvuta filamu, mpaka niifungue kila picha. Kuna dawa? – Msomaji, Entebbe

Ipo, dada. Kodak ya Stuttgart waliuweka wenzo wa kuvutia filamu chini ya kamera hiyo, na bamba pana la stendi linauzuia. Tafuta mkereza vyuma akukatie kisahani cha shaba au alumini, kipana kama sarafu, unene wa milimita 8, chenye tundu katikati. Kikae kati ya kamera na bamba. Kabla hajakata, zungusha wenzo mpaka mwisho uone nafasi unayohitaji ili kisahani kisiuguse. Skrubu iongezwe kwa unene uleule wa milimita 8, si zaidi, na rudia kipimo cha kijiti cha kiberiti nilichokieleza juu. Retina ni nzito kwa umbo lake, kwa hiyo kisahani kiwe bapa kabisa pande zote mbili.

Nina stendi nyepesi ya simu, ile ya kurekodia video. Inatosha? – Msomaji, Mbarara

Haitoshi. Simu ina gramu 200 hivi na haina kitu kinachochomoza mbele. Kamera ya 6×9 ya chuma inakaribia kilo, na ikifunguliwa uzito unahamia mbele ya skrubu. Kile kichwa cha plastiki kitainama taratibu mbele ya macho yako.

Kama huna pesa ya stendi nzito, ifanye uliyonayo iwe nzito. Miguu ipanue mpaka mwisho, nguzo ya katikati usiinyanyue hata kidogo, na katikati ning'iniza mfuko wa mawe ambao kitako chake kinagusa ardhi. Mfuko unaoning'inia hewani unapigwa na upepo ukawa pendulamu, ni afadhali usiwepo. Na ukipata stendi ya mbao ya wapimaji ardhi au ya studio ya zamani, usiiache eti kwa sababu imechakaa. Mbao inameza mtetemo. Ile ya baba nikiigonga kwa kifundo cha kidole inanyamaza mara moja, wakati ya alumini inalia kama sufuria. Nikiibeba na bega likaniuma namkumbuka Vittorio Sella, Mwitaliano aliyepanda Rwenzori mwaka 1906 na msafara wa Duke wa Abruzzi. Alipandisha kamera mpaka kwenye barafu, juu ya mita 5,000, katika mlima ambao mawingu yake hayafunguki kwa miadi. Picha zile ukizitazama leo, ukingo wa kila jiwe umekatwa kama kwa wembe.

Salaam aleikum mama. Tundu la stendi la kamera yangu limeng'oka lote, limebaki shimo tupu nililoziba kwa utepe mweusi. Ni Kodak ya kukunja ya mzee wangu, aliyekuwa mpiga picha wa harusi hapa kwetu. Sitaki itobolewe wala kuchomewa. Je, nitaitumiaje juu ya stendi? – Msomaji, Bombo

Waaleikum salaam, baba. Umefanya vizuri kukataa. Bati lililopasuka mara moja halirudi nguvu yake, na kila tundu jipya linakaribia filamu. Kamera yako haihitaji tundu. Inahitaji kitanda.

Nimetengeneza vitanda sita mpaka sasa, nami nakueleza ule ninaouona bora. Chukua ubao wa mvule, unene wa sentimita 2, urefu wa kasha la kamera na upana wake kuzidi sentimita moja. Mvule haupindi kwa unyevu, na kila seremala ana mabaki yake. Nyuma yake simamisha ubao mwingine mwembamba, urefu wa theluthi mbili ya kimo cha kamera, viunganishwe kwa gundi na skrubu kutoka chini. Umepata kiti chenye mgongo. Ubao wa nyuma uchimbe dirisha mahali pa kidirisha chekundu cha kamera, ili usome namba za filamu. Mbele ya kiti, ukingoni, gongomea kipande cha mti kimo cha milimita 4 tu, kizuie kamera isiteleze, lakini kiache mlango ufunguke wote. Jaribu mlango mara kumi kabla gundi haijakauka.

Chini ya ubao, katikati, izamishe nati ya robo inchi. Toboa tundu jembamba kidogo kuliko nati, ipashe nati moto uiingize kwa nyundo, halafu uifungie na kibati chenye skrubu nne ndogo ili isitoke siku ya harusi. Tafadhali, kazi hii ya moto na nyundo iishe kabla kamera haijaingia chumbani.

Kitanda kizima kivalishe ndani kitambaa cha blanketi kuukuu, kizuie mkwaruzo. Kisha kufunga: kata mikanda miwili ya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, upana wa sentimita 2, kama ile wanayofungia mizigo kwenye pikipiki. Mmoja upite kulia mwa mvukuto, mwingine kushoto, yote juu ya kasha, usipite hata mmoja juu ya mlango wala juu ya mikono ya kukunjia. Ncha zishike kwenye kulabu pembeni mwa ubao. Vuta mpaka ukiitikisa kamera kwa mkono ubao wote unatikisika nayo. Ikitikisika kamera peke yake, mkanda umelegea. Ukiona mgongo wa kasha unabonyea, umezidisha, na mgongo uliobonyea unapitisha mwanga pembeni.

Mikanda hiyo ibadilishe kila masika yanapokwisha. Jua letu linaupasua mpira taratibu, ufa unaanzia upande wa chini usiouona, kwa hiyo kabla ya kila kazi uvute mkanda uugeuze, uupitishe kidole gumba kutoka ncha hadi ncha.